Chakula cha Jumatano

Jikoni mwa hospitali ile palikuwa na sufuria nyingi, lakini mbili ndizo zilizotawala maisha ya Bi Kiganja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya wagonjwa wote, na mtu mfupi angeweza kujificha ndani yake. Ya pili ilikuwa ndogo, na kwenye mkono wake palifungwa kitambaa chekundu ili isije ikachanganywa na nyingine. Hiyo ilikuwa ya wagonjwa waliokatazwa chumvi: wenye presha, wenye figo zilizochoka, na wenye moyo usiosukuma damu sawasawa. Bi Kiganja alikuwa mpishi mkuu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichomuudhi kama sahani iliyorudi jikoni imejaa.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya namna yake ya kuonja. Hakuwahi kupeleka mwiko mdomoni. Alidondosha mchuzi katikati ya kiganja cha kushoto, akaupuliza, akaulamba, kisha akatazama dari kama mtu aliyeitwa kutoka juu. Alipoyashusha macho, hukumu ilikuwa imeshatoka na hapakuwa na rufaa. Tusimnyime haki yake, alikuwa na mkono. Maharage yaliyopita kwake yalitoka na heshima, na kuna wagonjwa waliopona wakaondoka kwa shingo upande.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, hospitali ilileta mtaalamu mpya wa lishe, mwanamke mwembamba, mtaratibu, asiyecheka ovyo, aliyeingia jikoni siku ya kwanza na mizani kwapani. Kabla hajamaliza kikombe chake cha chai alikwisha kuitwa Mizani. Shida yake ilikuwa ya kweli. Wagonjwa wa kitambaa chekundu walikuwa hawali. Walionja kijiko kimoja, wakasukuma sahani, na mtu asiyekula hana nguvu ya kupigana na ugonjwa wowote. Basi akaagiza kwamba makombo ya sufuria ile yapimwe kila siku baada ya chakula cha mchana, na uzito uandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, pamoja na jina la mpishi wa zamu.

Nia ilikuwa njema. Ila Mizani hakujua kwamba amewabandikia ubao wa magoli watu wanaopenda kushinda.

Bi Kiganja alipika siku tano. Jumatano na Alhamisi alipumzika, na zamu ikashikwa na mpishi mwingine, mwanamume mnene aliyeitwa Kimya, ambaye angeweza kupika, kuosha vyombo na kwenda zake nyumbani bila kutamka zaidi ya "haya". Kimya alipika sufuria nyekundu kama alivyoagizwa: bila chumvi, na kitunguu, limau, tangawizi na subira. Ndoo yake ya makombo ilikuwa kilo sita, siku nyingine saba. Ya Bi Kiganja nayo ilianzia kwenye saba. Baada ya wiki mbili ikawa tatu. Baada ya mwezi ikawa moja na kitu, na Mizani akamsifu mbele ya wenzake, akataka kujua siri. Bi Kiganja akainua kiganja chake cha kushoto, wote wakacheka.

Siri ilikuwa mfukoni mwa aproni. Ni vile vidonge vya kiungo cha mchuzi, vidogo, vya mraba, vimefungwa kwenye karatasi inayong'aa, vinavyouzwa kila duka. Alitia vinne kila siku. Chumvi hakutia, na angeapa mbele ya yeyote. Chumvi ilikaa kwenye kopo lake rafu ya juu, na mkono wake haukufika huko. Kwake yeye kiungo kilikuwa kiungo, ndugu ya kitunguu na bizari. Hata hivyo alivifungua akiwa ameupa mlango mgongo, na karatasi zake alizikunja akaenda kuzitupa nyumbani. Mtu asiye na la kuficha habebi takataka za kazini kwenye mkoba.

Ndipo kaka yake akalazwa.

Huyu kaka alikuwa fundi viatu, na ndiye aliyemlea Bi Kiganja tangu wazazi wao walipofariki. Viatu vya kwanza alivyovaa Bi Kiganja kwenda shule alishonewa na yeye, kutokana na mkoba wa zamani wa baba yao. Sasa miguu ile aliyoitumia maisha yake yote kubania kiatu cha mteja ilikuwa imevimba, na ukibonyeza ugoko kwa kidole gumba, shimo lilibaki hapo likikungoja. Daktari alieleza kwa upole kwamba moyo umechoka, kwamba chumvi huyashikilia maji mwilini, na maji hayo ni mzigo ambao moyo huo hauwezi kuubeba. Kaka akamjibu kwamba mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye ni vigumu kuambiwa airudishe. Daktari alicheka, kisha akarudia agizo lake neno kwa neno.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alipimwa uzito, kwa kuwa maji yana uzito, na kilo zikaandikwa kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni mwa kitanda.

Bi Kiganja alilia siku ya kwanza, kisha akajipa moyo. Kaka yake alikuwa kwenye mikono yake mwenyewe, angepata wapi bahati kubwa kuliko hiyo? Kwa heshima ya kaka, akaanza kutia vidonge vitano.

Kaka alikula. Alifuta sahani kwa kidole, akatuma salamu jikoni. Siku za Kimya alinung'unika mpaka muuguzi akachoka, akisema yule mtu wao wa Jumatano aambiwe kwamba chakula si adhabu. Bi Kiganja aliposimuliwa hayo siku ya Ijumaa, kichwa kilimvimba kidogo. Hakukizuia.

Kulikuwa pia na wifi yake, mke wa kaka. Alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa kucheka, na mpishi mbovu kupindukia, jambo ambalo kwa Bi Kiganja lilikuwa kosa la tabia, si la mkono. Miaka ishirini na mitano walikuwa wakiitana wifi kwa sauti tamu na kuhesabiana makosa kimoyomoyo. Wiki ile ya kwanza muuguzi aliinua mto wa mgonjwa akakuta kifuko cha karanga za chumvi. Wifi hakubisha. Mumewe alimwomba kama mtoto, naye akamhurumia. Aliomba radhi, akaahidi kwamba halitatokea tena, na halikutokea tena. Lakini nani angemwamini?

Uvimbe haukuisha. Ulipungua siku mbili, ukarudi siku tano. Daktari akaongeza dawa ya kutoa maji, na wiki ya pili akaiongeza tena, mpaka vipimo vya damu vikaonyesha kwamba figo nazo zimeanza kulalamika. Ijumaa ya wiki ile aliwaita wale wanawake wawili kwenye ukumbi nje ya wodi, akawaambia bila kuzungukazunguka. Dawa hawezi kuiongeza tena. Kama maji hayataondoka katika siku kumi, moyo hautahimili, na wajiandae. Kisha akasema kwamba, kwa maoni yake, kuna mtu anampa mgonjwa huyu chumvi.

Hakumtaja mtu. Bi Kiganja ndiye aliyetaja.

"Wifi, kama umechoka kuwa mke wa mtu, sema," alisema, na wauguzi wawili waliokuwa wakipita wakasimama. "Usimuue kaka yangu kwa karanga."

Wifi alisogea kwenye benchi la ukumbini. Kisha akaufungua mkoba wake, akaupindua juu ya benchi: futi ya kupimia, nyuzi mbili za rangi ya maziwa, sindano kwenye kitambaa, leso. Akakirudisha kila kitu ndani, kimoja kimoja. Daktari akatoa uamuzi kwamba kwa sasa asiingie wodini.

Tangu siku hiyo wifi alikaa kwenye benchi la nje, karibu na lango, kuanzia asubuhi hadi saa za kuona wagonjwa zinapokwisha. Alishona vifungo vya sare za shule kwa mkono, na kila muuguzi aliyetoka alimwuliza mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameamkaje. Bi Kiganja alipita mbele yake kila asubuhi akielekea kazini. Walisalimiana, maana kutosalimiana kungekuwa aibu.

Ijumaa iliyofuata Bi Kiganja alirudi kutoka mapumziko yake, akaweka maharage motoni, akapanda wodini kumwona kaka. Alimkuta amelala, mguu mmoja nje ya shuka, na ugoko umeanza kuonekana ugoko. Furaha ikampanda. Haya ndiyo matunda ya kumtoa yule mwanamke, alijisemea. Akaichukua karatasi ya uzito miguuni mwa kitanda ili aende akamwonyeshe Mizani. Alitaka ushahidi.

Kusoma kilo alikuwa amezoea, mlango wa jikoni ulikuwa umemfunza. Leo Ijumaa, sabini na tisa. Jana, themanini na moja. Juzi Jumatano asubuhi, themanini na mbili. Vizuri. Akapanda juu kutafuta siku wifi alipofukuzwa. Ilikuwa Ijumaa iliyopita, nayo ilisoma sabini na tisa. Sasa kuanzia hapo zingepaswa kushuka. Jumamosi, themanini. Jumapili, themanini na moja. Zilipanda mpaka Jumatano, wifi akiwa langoni na sindano yake.

Akarudi wiki ya nyuma yake. Alhamisi zimeshuka, Ijumaa zimeshuka, Jumamosi zimeanza kupanda. Wiki ya kwanza, vilevile. Daktari aliuona huo mstari wa kupanda na kushuka kila siku, lakini daktari hakuijua ratiba ya jikoni. Mizani aliijua ratiba, lakini karatasi hii hakuipitia. Katika jengo zima palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuzisoma zote mbili pamoja, naye alikuwa amesimama pale na aproni.

Mizani ya asubuhi hupima chakula cha jana. Kilichoshusha Alhamisi kililiwa Jumatano. Kilichoshusha Ijumaa kililiwa Alhamisi. Na Jumatano na Alhamisi alipika Kimya.

Alitia mkono mfukoni. Vidonge vitano vya leo vilikuwepo. Akakifungua kimoja, na safari hii hakukiweka kwenye kiganja, alikiweka moja kwa moja kwenye ulimi. Miaka yote alikuwa ameonja mchuzi, hata siku moja hakuwahi kuonja kidonge peke yake. Kilimchoma mdomoni. Ilikuwa chumvi, ikifuatiwa na chumvi, na nyuma kabisa harufu kidogo ya kuku. Alikitemea kwenye leso, akaitundika karatasi mahali pake, akashuka.

Saa nzima iliyofuata alimenya viazi. Tuseme ukweli kuhusu saa hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye aliusema. Alipanga kunyamaza. Ilikuwa rahisi mno: aache vidonge kuanzia leo, basi. Uvimbe ungekwisha, kaka angerudi kwenye viatu vyake, na kila mtu angesema alipona pale mke alipozuiwa. Hakuna ambaye angeuliza kitu. Ndoo ya makombo ingekuwa nzito, lakini angesema wagonjwa wa siku hizi wana vinywa vigumu. Alilizungusha wazo hilo kama kiazi mkononi na hakuliona doa. Alichokuwa nacho ni woga, na woga humfanya mtu awe hodari wa kupanga.

Mchana ule maharage ya sufuria nyekundu yalipakuliwa bila kidonge. Ndoo ilipima kilo sita. Akaandika sita, akatoka nje na aproni yake kupunga hewa. Wifi alikuwa kwenye benchi lake.

"Wifi," mke wa kaka akaita kwa sauti ya chini, "leo ana kilo ngapi?"

Bi Kiganja akamwambia sabini na tisa, na kwamba ugoko unaonekana.

Wifi akaweka sare pembeni, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakatikisika. Alipoufunua alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Akasema basi afadhali. Akasema alikuwa akijitetea moyoni wiki nzima, akisema hajafanya kitu tangu zile karanga, lakini namba hazidanganyi.

"Labda ni mimi kweli, wifi. Labda hata kumzoea vibaya tu ni sumu. Nitakaa hukuhuku nje mpaka apone, usiwe na wasiwasi. Nimekosa, unisamehe."

Hapo ndipo Bi Kiganja aliposhindwa. Kumsingizia mtu aliweza. Kuombwa radhi na mtu huyo hakuweza. Akaketi kwenye benchi, akaingiza mkono mfukoni, akavitoa vidonge vinne vilivyobaki, akaviweka juu ya sare ya shule, na kusema kwamba si wewe, wifi, ni mimi.

Wifi alikiokota kimoja, akakigeuzageuza kama kifungo ambacho hajaamua kama kitafaa. Akauliza vingapi. Vitano kila siku, akaambiwa. Akauliza tangu lini. Tangu alipolazwa. Gari moja likaingia langoni na jingine likatoka.

"Mimi niliumwaga mkoba wangu mbele ya daktari," alisema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Nyanyuka, wifi. Nawe ukaumwage mfuko wako."

Waliongozana. Bi Kiganja alivimwaga vidonge juu ya meza ya Mizani, daktari akaitwa, na karatasi mbili zikalazwa pamoja, ile ya kitandani na ile ya mlango wa jikoni. Mizani alizifuatisha kwa kidole, siku kwa siku. Alieleza kwa sauti yake ileile ya siku zote kwamba sehemu kubwa ya kidonge kama hicho ni chumvi, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kulisema hilo jikoni kwa sababu hakufikiri kuna asiyelijua. Kisha akaitoa karatasi ya makombo mbele yake, akaikunja mara nne.

"Sufuria nyekundu inalisha wagonjwa kumi na wawili," alisema. "Umenieleza habari za mmoja."

 Wale kumi na mmoja Bi Kiganja alikuwa hajawafikiria hata mara moja, si wodini, si kwenye viazi, si kwenye benchi. Aliwapikia kila siku na aliwajua kwa ndoo tu. Sasa akawakumbuka kwa vitanda: mwalimu mstaafu mwenye presha, mama mjamzito aliyevimba uso, mzee wa figo aliyeandika barua kusifu mchuzi. Alilia mbele yao wote, na hakuna aliyemkataza.

Majina yale kumi na mawili yalipitiwa upya jioni hiyo hiyo, dawa zikapangwa upya. Hakuna aliyekufa, ingawa yule wa figo alirudishwa nyuma kwa wiki mbili, na aliambiwa sababu. Bi Kiganja alipewa barua ya onyo na kuvuliwa ukuu. Mpishi mkuu akawa Kimya, ambaye alipoelezwa alisema, "Haya." Agizo la Mizani lilikuwa kwamba Bi Kiganja aendelee kupika sufuria nyekundu, lakini Kimya akiwa kando yake, mpaka ajifunze.

Na alijifunza, kwa aibu, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kitunguu kikaangwe polepole mpaka kiwe na rangi ya udongo, tangawizi itwangwe sasa hivi si jana, limau likamuliwe mwishoni, sufuria ikishaepuliwa. Alidondosha mchuzi kwenye kiganja, akaulamba, akatazama dari. Dari haikumjibu. Kimya akatazama naye juu, kisha akasema neno refu kuliko yote aliyowahi kumsikia akilisema.

"Ongeza limau. Ulimi utazoea, ila mpe mwezi."

Jumatatu kaka aliamka na kilo sabini na saba. Wifi alikuwa ameketi kando ya kitanda tangu saa tatu, akimshonea kifungo cha shati la kutokea hospitalini. Hakuwa amemwambia kitu. Siku ile ya Ijumaa, walipotoka kwa daktari, alimweleza Bi Kiganja kwamba kumwambia kaka yake ni kazi yake, na hatamsaidia, na hatamharakisha.

Saa saba Bi Kiganja aliipandisha sahani mwenyewe: wali, maharage, mboga za majani, kipande cha limau pembeni. Akamwekea kaka mezani. Kaka akachukua kijiko, akatafuna, akaacha kutafuna, akameza kwa taabu.

"Tangu Ijumaa ni Jumatano tu. Leo nayo Jumatano?" akauliza.

"Leo Jumatatu, kaka."

"Basi nani kapika?"

Wifi alikata uzi kwa meno, akatazama dirishani. Bi Kiganja akavuta kiti, akaketi karibu kiasi kwamba magoti yake yaligusa kitanda.

"Nimepika mimi," alisema. "Wewe kula, nami nikueleze."

Kaka akamtazama, akamtazama mkewe, kisha akaangalia sahani. Akalikamua lile limau juu ya maharage, akachukua kijiko cha pili.